Yai la Kanga na Kazi ya Mungu

Kuna maneno ambayo kila mtu aliyewahi kukaa msibani katika nchi yetu ameyasikia: kazi ya Mungu haina makosa. Mimi nimeyasema mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nimeyasema Bariadi mjini, nimeyasema Dutwa na Ngasamo, nimeyasema chini ya miembe na chini ya maturubai, mbele ya watu waliokuwa wakilia na watu waliokwisha kuchoka kulia. Siandiki makala haya ili kuyapinga. Yakisemwa na mwenye imani aliyefiwa, ni maneno mazito na ya kweli. Naandika kwa sababu yai moja la kanga lilinilazimisha nijiulize ni mara ngapi nimeyasema mahali ambapo kazi iliyokuwa mbele yetu haikuwa ya Mungu, bali ilikuwa yetu.

Mayai matatu

Ilikuwa mwezi wa pili, wakati wa palizi. Mvua zilikuwa zimenyesha vizuri na pamba ilikuwa imefika magotini. Jumapili moja baada ya ibada, msichana wa shule ya Jumapili, mwanafunzi wa darasa la nne, alinisubiri nje ya mlango wa kanisa mpaka watu wote wakaondoka. Alikuwa ameshika pindo la kanga kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba maji.

"Shikamoo Baba Mchungaji."

"Marahaba mwanangu. Umebeba nini?"

Akafungua. Yalikuwa mayai matatu, madogo kuliko ya kuku, yenye rangi ya chai ya maziwa, na ganda lake lina vitundu vidogo vidogo kama ngozi ya chungwa. Yalikuwa mayai ya kanga, yamefungwa ndani ya kanga. Wazee husema vazi lile lilipata jina lake kwa ndege yule, kwa ajili ya madoadoa yake.

Akanieleza. Siku iliyotangulia kaka zake walikuwa wakipalilia kwa maksai. Pembezoni mwa shamba, penye nyasi ndefu, palikuwa na kiota ambacho hawakukiona. Kanga hutaga chini, katika kishimo alichokiparua mwenyewe, na anapoatamia hutulia sana hata mtu anaweza kupita karibu asimwone. Yule mama hakuruka mpaka maksai walipomfikia kabisa, na alipochomoka mbwa wakamkamata. Mayai mengi yalipasuka, yakabaki matatu. Nyumbani walitaka kuyachemsha. Yeye akakataa, akalala nayo karibu na mafiga, akayaleta kanisani.

"Baba Mchungaji, unaweza kuwafanya watoke?"

Jibu la kweli lilikuwa kwamba sijui. Lakini mchungaji hupenda kuwa mtu wa majibu, hasa mbele ya mtoto. Nikamwambia, "Tutajaribu. Mungu atatusaidia." Itazameni vizuri sentensi hiyo. Nilikuwa nimemwingiza Mungu katika ahadi yangu bila kumwuliza. Tukifanikiwa, nitasifiwa mimi kwa imani yangu. Tukishindwa, lawama itakwenda juu.

Kwa bahati mama mchungaji alikuwa na kuku anayeatamia kwenye kona ya jiko letu, siku yake ya 12, juu ya mayai tisa. Usiku tukamsogezea yale matatu taratibu. Kuku hakukataa. Aliyavuta kwa mdomo, akayaweka chini ya kifua, akatulia. Nilifikiri juu ya maneno ya Bwana Yesu alipoulilia Yerusalemu, akijifananisha na kuku akusanyaye vifaranga vyake chini ya mbawa (Mathayo 23:37). Kuku wetu hakuuliza mayai yale ni ya nani.

Habari zikaenea. Mzee mmoja wa kanisa akanitania: "Mchungaji, siku hizi unachunga na kanga?" Tukacheka. Nikamwambia kwamba hata Martin Luther alikuwa na upande huo. Mwaka 1534 mtumishi wake, Wolfgang Sieberger, alipotega nyavu za kukamata ndege, Luther aliandika kwa mzaha barua ya malalamiko kwa niaba ya ndege wenyewe, wakimshitaki mtumishi yule kwamba anawaonea. Mzee akasema, "Basi na sisi tutaandika ya kanga."

Je, nilikuwa na haki ya kuyachukua?

Kabla sijaendelea na habari ya mayai, nijibu swali ambalo baadhi yenu mtakuwa nalo. Mkristo mmoja wa usharika wetu, ambaye amewahi kufanya kazi ya uhifadhi upande wa Pori la Akiba la Maswa, alinijia akaniambia kwa upole kwamba nimekosea. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 humlinda mnyama wa porini pamoja na kinda lake na yai lake. Sisi wa Simiyu, ambao kwetu tunapakana na Serengeti, hatuwezi kujifanya wageni wa sheria hiyo. Ukiona kiota, kiache. Ukiona kimeharibika, waarifu wanaohusika.

Nilikubali. Kisha nikakumbuka kwamba Maandiko yalikuwa yamekwisha kulisema jambo hilo. Katika Kumbukumbu la Torati 22:6-7 Waisraeli wanaagizwa kwamba mtu akikuta kiota njiani, mama amelalia mayai au makinda, asimchukue mama pamoja na wanawe. Sharti amwachie mama aende zake. Ni sheria ndogo, lakini angalieni ahadi iliyofungwa ndani yake: upate heri na siku zako ziwe nyingi. Ndiyo ahadi ile ile iliyofungwa katika amri ya kuwaheshimu baba na mama (Kumbukumbu la Torati 5:16). Mungu ameiweka heshima kwa mama yule mwenye mabawa karibu sana na heshima kwa mama aliyenizaa.

Kwa hiyo kosa letu la kwanza halikuwa la yule msichana. Lilikuwa kupita na maksai bila kutazama, kufuga mbwa bila kuwazuia, na mimi kupokea kitu nisichokijua kwa ahadi nisiyoweza kuitimiza. Msichana yeye alikuwa na huruma tu. Na huruma, wapendwa, si dhambi. Lakini huruma ikishachukua kitu mkononi, imeingia kazini, na kazi ina utaratibu wake.

Siku ya ishirini na moja

Kuku huangua kwa siku 21. Kanga huhitaji kama siku 26 hadi 28. Mimi sikuwa nimelipigia hesabu jambo hilo. Vifaranga vya kuku walitoka, wakakauka, na siku ya pili yake mama yao akasimama, akawaita, akatoka nao uani kuwafundisha kuparua. Mayai ya kanga yakabaki kwenye kiota, yanaanza kupoa.

Sikumlaumu kuku. Alikuwa na watoto walio hai wa kuwalisha. Alikuwa ametimiza siku zake. Nilipoyashika yale mayai nikahisi ubaridi wake, nilielewa kwamba sasa mlezi ni mimi.

Usiku nikayamulika kwa tochi chumbani penye giza. Ganda la yai la kanga ni nene na mwanga hupita kwa shida, lakini moja lilionekana wazi kuwa viza. Mawili yalikuwa yamejaa weusi, na kwenye upande butu palikuwa na nafasi ya hewa. Katika moja niliona weusi ule ukitikisika. Nawaambia kweli, nilisimama pale nimeshika tochi nikasahau kwamba nina hotuba ya kuandaa.

Nikatengeneza boksi. Mfugaji mmoja wa vifaranga aliniazima kipimajoto na taa ya umeme ya aina ya zamani, maana hizi taa za kisasa tunazotumia majumbani hazitoi joto la kutosha. Alinifundisha: joto liwe kama nyuzi 37 na nusu, bakuli la maji liwe ndani ili hewa isikauke, na mayai yageuzwe mara kadhaa kwa siku, lakini siku tatu za mwisho yaachwe bila kuguswa. Umeme ulipokatika, mama mchungaji alichemsha maji, tukajaza chupa, tukazifunga kwa matambara, tukaziweka kando ya mayai. Kila baada ya saa mbili mmoja wetu aliamka. Siku hizo nilikuwa mchungaji mwenye usingizi madhabahuni.

Siku ya sita ya boksi, alfajiri, nikasikia sauti. Kifaranga alikuwa akilia ndani ya yai. Saa chache baadaye ufa ukatokea, kisha kitundu, na ndani ya kitundu ncha ya mdomo. Tukamwita yule msichana. Alikuja mbio na sare ya shule.

Kisha hapakutokea kitu. Saa moja, saa tatu, saa sita. Mdomo ulikuwa pale kwenye kitundu, mara unafunguka, mara umetulia. Msichana alirudi nyumbani jioni akiwa na hofu. Mimi nilikuwa na hofu zaidi. Usiku saa nne nikafikiri: amechoka, anakufa, na mtoto wa watu ananitegemea. Mama mchungaji akasema, "Mwache, baba. Yule mfugaji alisema usimguse." Nikasema, "Nitamsaidia kidogo tu." Nikachukua sindano na maji ya uvuguvugu, nikaanza kubandua ganda.

Nilipofika kwenye utando mweupe, damu ikatoka.

Baadaye mfugaji alinieleza nilichofanya. Kifaranga akishatoboa kitundu cha kwanza huonekana kana kwamba amekwama, kumbe yuko kazini. Mapafu yake yanajifunza kupumua. Damu iliyokuwa ikizunguka kwenye utando inarudi mwilini mwake, na mabaki ya kiini yanavutwa ndani ya tumbo, yawe chakula chake cha siku za kwanza. Kazi hiyo huweza kuchukua siku nzima. Akiisha, huzunguka ndani ya yai akilikata ganda kwa ile ncha ngumu iliyo juu ya mdomo, kisha hulisukuma. Ukimfungulia kabla ya wakati unakata mishipa ambayo bado ina damu. Alikufa kabla ya jogoo kuwika. Yai la pili halikutoboka kamwe.

Maneno yaliyokataa kutoka

Msichana alikuja asubuhi. Tulichimba kishimo chini ya mwarobaini, nyuma ya nyumba ya mchungaji. Nikakiweka pale kile kifaranga kilichofungwa katika kitambaa, nikafungua kinywa, na maneno yakaja yenyewe, kama maji yanavyofuata mfereji: "Mwanangu, kazi ya Mungu..."

Nikanyamaza hapo.

Nilijua nilichokuwa nataka kufanya. Mkono uliokata mshipa ulikuwa wangu. Sindano ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeonywa na mke wangu. Na sasa nilikuwa nataka kumwambia mtoto wa miaka kumi kwamba aliyefanya hayo ni Mungu, tena kwamba hakukosea.

Nikamwambia, "Mungu hakumwua kifaranga huyu. Nilimfungulia kabla ya wakati wake. Nilitaka kumsaidia, nikamwumiza. Nisamehe."

Alinitazama kwa muda. Akauliza, "Kwa hiyo angeachwa angetoka?"

Nikasema, "Huenda angetoka."

Akalia. Hakusema kwamba amenisamehe, nami sikumdai. Tulifukia kishimo tukaondoka. Lakini kitu kimoja nilikiona: aliponiaga, alinishika mkono na kusema shikamoo kama siku zote. Nadhani mtoto anaweza kubeba ukweli mzito. Asichoweza kubeba ni Mungu ambaye amesingiziwa na mchungaji wake.

Habari ya zamani

Hapa ndipo yai liliponifikisha nisipotaka kufika. Silinganishi mtoto wa mtu na kifaranga. Bwana wetu mwenyewe alisema sisi ni bora kuliko shomoro wengi (Mathayo 10:31). Lakini moyo ukishafunguliwa mlango mmoja, mlango mwingine nao hufunguka.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, jioni ya mvua kubwa, nilipigiwa simu na baba mmoja wa mtaa wetu ulio mbali na mji. Mke wake alikuwa na uchungu wa mimba ya kwanza. Aliomba gari. Nilikuwa nimerudi kutoka kikao kirefu, nimechoka, na barabara ilikuwa mbaya. Nilimwuliza kama hali ni mbaya, akasema hajui. Nikamwambia, "Tuombe. Kukicha nitakuja." Nikaomba naye kwa simu, ombi zuri lenye maneno mazuri, kisha nikalala.

Nilikwenda alfajiri. Mama alifikishwa hospitali, akapona. Mtoto hakuishi. Nilimzika mimi, na juu ya kaburi lile dogo nikasema kwa sauti ya kichungaji kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Watu wakaitikia amina. Baba wa mtoto hakuitikia. Nilimwona, nikadhani ni majonzi tu.

Wataalamu wa afya ya uzazi hufundisha kwamba akina mama na watoto wengi hupotea kwa sababu ya ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Yote matatu yamo mikononi mwa wanadamu. Siwezi kusema kwamba mtoto yule angeishi kama ningeondoka usiku ule. Naweza kusema kwamba niliulizwa, nilikuwa na gari, na nikatumia maombi kama blanketi la kujifunika.

Kwa kifaranga niliharakisha. Kwa mtoto nilichelewa. Kwa hiyo sitawapa kanuni kwamba tusubiri siku zote, wala kwamba tutende siku zote. Nilipochunguza moyo wangu niligundua kwamba makosa yale mawili yana mzizi mmoja. Usiku wa kifaranga nilikuwa natazama aibu yangu nitakaposhindwa mbele ya msichana. Usiku wa mvua nilikuwa natazama uchovu wangu. Mara zote mbili mwenye kuhitaji alikuwa mbele yangu, na mimi nilikuwa nikijitazama mwenyewe.

Kumwachia Mungu na kumtupia Mungu

Tabia ya kumtupia Mungu makosa yetu ni ya kale sana. Mwanzo 3:12 yatuonyesha Adamu akiulizwa juu ya tunda. Twakumbuka kwamba alimtupia lawama Hawa. Mara nyingi hatuangalii kwamba alimtupia Mungu pia, maana alisema ni yule mwanamke aliyepewa na Mungu mwenyewe. Wa kwanza kutenda dhambi ndiye pia wa kwanza kusema, kwa namna yake, kwamba Mungu ndiye chanzo.

Mtu atauliza: Je, Ayubu hakusema kwamba Bwana ndiye aliyetoa na kutwaa? Alisema (Ayubu 1:21), nasi twamheshimu kwa hilo. Lakini angalieni aliyesema ni nani. Ni aliyefiwa mwenyewe, ameanguka chini, akisema juu ya hasara yake. Rafiki zake walipokuja kumsemea Mungu, kumpangia Ayubu maana ya mateso yake, mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia wao (Ayubu 42:7). Neno la imani likiwa kinywani mwa mwenye kuumizwa ni sadaka. Neno hilo hilo kinywani mwa aliyesababisha maumivu laweza kuwa maficho.

Mwingine atauliza: Je, si kweli kwamba Mungu anatawala yote? Ni kweli, na sitaki kumwondolea mtu faraja hiyo. Lakini soma Matendo ya Mitume 2:23. Siku ya Pentekoste Petro anasema mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba Yesu alitolewa kwa shauri la Mungu, na kwamba wale waliokuwa wakimsikiliza walimwua. Petro hakusema kwamba kwa kuwa lilikuwa shauri la Mungu, basi Yerusalemu haina hatia. Na kwa sababu hakuwaficha, wakachomwa mioyo wakauliza wafanye nini (2:37). Kama Petro angewaambia tu kwamba kazi ya Mungu haina makosa, wangerudi nyumbani wakala chakula. Hapangekuwa na toba, wala ubatizo wa watu elfu tatu.

Kama wana wa Kilutheri tunacho pia kitu ambacho wengi wetu tulikikariri wakati wa kipaimara tukakiacha hapo. Katika Katekisimo Ndogo Luther anauliza ni dhambi zipi tuziungame, na anajibu kwamba kila mtu atazame wito wake: wewe ni baba, mama, mwana, mtumishi? Je, umekuwa mvivu, umezembea, umemdhuru mtu kwa neno au tendo? Yaani ungamo linaanzia pale kazi ya mikono yako ilipo. Mchungaji atazame simu alizopigiwa usiku. Mkulima atazame alipopita na maksai. Mwalimu, muuguzi, dereva, kila mmoja ana mahali pake.

Na tukiungama, hatupotezi tumaini. Warumi 8:28 haisemi kwamba kila jambo ni jema. Yasema Mungu hutenda kazi katika mambo yote kwa wema wa wampendao. Anaweza kuingia hata katika uzembe wangu na kufanya kitu humo. Lakini ili aingie, nikubali kwanza kuuita uzembe. Msamaha wa Kristo ni kwa ajili ya dhambi. Hakuna msamaha kwa ajili ya jambo ambalo tumekwisha kulitangaza kuwa halina makosa.

Nilikwenda kwa yule baba

Wiki mbili baada ya kukizika kifaranga, nilikwenda kwa baba wa mtoto. Nilimkuta shambani. Tukasalimiana, mwangaluka, mwangaluka, tukakaa kwenye kivuli. Nikamwambia yote: kwamba nilikuwa na gari, nilikuwa nimechoka, niliogopa barabara, na kwamba maneno yangu kaburini yalinifaa mimi kuliko yalivyomfaa yeye.

Alikaa kimya muda mrefu akivunja kijiti. Nilikuwa tayari anifukuze. Kisha akasema, "Na mimi nilichelewa kukupigia, Mchungaji. Uchungu ulianza asubuhi. Mama yangu alisema ni kawaida. Tangu siku ile sijamwambia mtu." Tukalia wote wawili, wanaume wazima, katikati ya pamba. Tulipoomba, kwa mara ya kwanza hatukuwa na kitu cha kumficha Mungu. Niligundua jambo la kuogofya: maneno yangu kaburini yalikuwa yamemfungia mlango hata yeye. Ikiwa kazi ile haikuwa na makosa, angeungama wapi kosa lake?

Yohana Mbatizaji alidai matunda yapasayo toba (Mathayo 3:8). Tuliupeleka mzigo ule kwenye baraza la wazee, bila kutaja nyumba ya mtu. Usharika ukaandika orodha ya wenye magari na bajaji walio tayari kuamshwa usiku kwa ajili ya mama mjamzito au mgonjwa, kila juma zamu ya watu wawili, na namba zao zimebandikwa kwenye mlango wa kanisa na kusambazwa mitaani. Jina langu limo. Nimekwisha kuamshwa mara nne. Mara moja ilikuwa ni tumbo la kawaida tu, nikarudi nyumbani saa tisa usiku nikinung'unika njia nzima, na hilo nalo nikaliungama.

Wapendwa, mtanisikia tena msibani nikisema kwamba kazi ya Mungu haina makosa, maana naamini hivyo. Lakini mtaona siku hizi nachelewa kidogo kuyasema. Kwanza nakaa na wafiwa. Nasikiliza kama kuna mtu ambaye ana neno la kuungama, nami najiuliza kama mtu huyo ni mimi.

Msimu uliofuata nilipita kwenye shamba la akina yule msichana. Pamba ilikuwa imepaliliwa safi, isipokuwa katikati palikuwa na nyasi zilizoachwa, eneo la ukubwa wa chumba kidogo. Nikamwuliza kaka yake kwa nini hawakumaliza. Akasema, "Dada alikwenda kutazama kabla hatujafunga maksai. Kuna kanga amelala pale. Tumempisha."

Mbwa walikuwa wamefungwa nyumbani.